Mchagua Solda Ndiye Fundi

Leo sichekeshi mtu. Leo nataka tubishane na methali.

"Mchagua jembe si mkulima." Umeambiwa hivyo nyumbani, umeambiwa shuleni, na siku utakayoshika chuma cha solda utaambiwa tena na mtu ambaye hata hajaangalia umeshika nini. Solda ikikataa kushika, ni wewe. Bodi ikiungua, ni wewe. Redio uliyounganisha ikiimba siku mbili halafu inyamaze, ni wewe tena. "Huna mkono wa fundi," wanasema. Na wewe unaamini, unarudisha vitu vyako kwenye katoni chini ya kitanda, unarudi kuskroli.

Mimi nasema hivi: kwa elektroniki, methali hiyo ni uongo. Na hata shambani, hebu mpe mkulima wa Lurambi jembe lisilo na mpini uone kama hatachagua. Kwenye meza ya elektroniki mchagua solda ndiye fundi. Kabla hujawasha stima, nusu ya kazi yako ishaamuliwa kwenye kaunta ya duka. Vijana wengi hapa Kakamega wanapoteza hiyo nusu, na si kwa ujinga. Wanauziwa vitu visivyo na jina.

Waya usio na jina

Angalia vile tunanunua. Unaingia dukani unasema, "Nipatie solda." Jamaa anavuta waya kwenye roli ambayo karatasi yake ilitoka kitambo, anakata kipande, anakikunja, anakupa. Hajakuuliza unaenda kufanyia nini. Hujamuuliza ndani kuna nini. Ukinunua unga unasoma pakiti. Ukinunua dawa unaangalia tarehe. Lakini solda unabeba tu kama njugu za kufungwa kwa gazeti.

Sasa sikiza. Solda si chuma kimoja, ni mchanganyiko, na nambari zake ndizo jina lake. Ukiona 60/40, hiyo ni asilimia 60 bati na asilimia 40 risasi. Ukiona 63/37, hiyo ni bati 63, risasi 37. Utasema, tofauti ya tatu tu, itanisaidia nini? Itakusaidia sana. Ile ya 63/37 ikifika nyuzijoto 183 inayeyuka yote mara moja, na ikipoa inaganda yote mara moja. Ile ya 60/40 inaanza kulainika hapo hapo 183, lakini inamaliza kuyeyuka karibu na 190. Hapo katikati inakuwa kama uji. Mkono ukitikisika wakati wa uji, kiungo kinaganda vibaya, kinakuwa na nyufa usizoziona, na umeme unapita leo kesho unakataa. Fundi wa miaka 20 hatasumbuka na hiyo. Wewe unayejifunza, mkono bado unatetemeka, utasumbuka.

Halafu geuza zile nambari: 40/60. Bati 40, risasi 60. Kwa macho ni waya uleule wa kijivu. Kwa moto ni kitu kingine kabisa, maana inahitaji karibu nyuzijoto 240 ndiyo iyeyuke yote. Unashikilia chuma, unangoja, unabonyeza, unangoja tena, mpaka ile pedi ya shaba inabanduka kwenye bodi kama stika. Hapo ndipo mtu anapita nyuma yako na kusema, "Mkono wako mzito."

Kwa nini mtu atengeneze waya wa risasi nyingi auzie watu wa elektroniki? Ni pesa tu. Bati ni ghali kuliko risasi, na si kidogo, ni mara nyingi. Kila gramu ya bati inayotolewa na kujazwa risasi ni faida ya mtu mahali fulani, na roli isiyo na lebo ndiyo maficho yake. Sisemi kila mwenye duka ni mwizi. Wengi wao waliuziwa hivyo hivyo na hawajui wanachouza. Lakini waya usio na nambari hauwezi kukuambia ukweli, na wewe huna maabara kwa keja.

Kilicho ndani ya waya

Jambo la pili ambalo hakuna mtu anakuambia kaunta: waya mzuri wa elektroniki una tundu jembamba katikati, na ndani ya tundu kuna flaksi. Shaba ikikaa hewani inavaa utando wa oksaidi, na solda haishiki juu ya utando. Itajikunja iwe mpira na kuteleza, kama maji juu ya jani la nduma. Kazi ya flaksi ni kuula ule utando ili chuma kikutane na chuma. Kwa elektroniki tunatumia flaksi ya rosini, yaani utomvu wa miti ya jamii ya msonobari uliosafishwa.

Kujua si kazi ngumu. Kata waya kwa wembe, angalia ile sehemu iliyokatwa kwenye mwanga. Kuna kitone katikati? Sawa. Ni chuma kitupu mpaka ndani? Huo si wa bodi, ni wa kazi nyingine, isipokuwa una flaksi yako pembeni. Ukiyeyusha kidogo unafaa kuona moshi mweupe na kusikia harufu ya utomvu. Hakuna moshi, hakuna flaksi.

Na hapo ndipo biashara nyingine inaanza. Waya wako hauna flaksi, umekwama, unarudi dukani kulalamika. Unauziwa kopo la pesti. Na kopo lenyewe, kusema kweli, linafanya kazi kama uchawi. Kila kitu kinashika. Waya mchafu unashika, msumari unashika. Unafurahi.

Manze, hapo ndipo ungefaa kuogopa.

Kuna pesti ya rosini na kuna pesti ya asidi. Ya asidi mara nyingi ina zinki kloridi, na ni ya mafundi wa bomba na wale mafundi wa jua kali wanaounga mabati kutengeneza koroboi na mikebe. Kwao ni kifaa halali kabisa: wanaunga, wanaosha kwa maji, wanaendelea. Bodi yako huwezi kuisugua ndani ya karai. Asidi inaingia chini ya vipuri na kukaa. Ile chumvi yake inavuta unyevu hewani, na sisi tunaishi Kakamega, mji wa mvua ya mchana, kando ya msitu. Unyevu si kitu tunachokosa. Polepole shaba inaliwa, ukungu wa kijani unatokea, na baada ya miezi kadhaa kile kifaa ulichowaonyesha watu kwa fahari kinazima. Duka halitajua. Lilishauza.

Kwa hivyo kopo likiandikwa ni la bomba, au likitaja asidi, zinki kloridi au amonia kloridi, liache hapo hapo. Kama halijaandikwa chochote, pia liache.

Wazee, wekeni tupa chini

Chuma chenyewe nacho kina siasa yake. Kile cha bei ya chini kinachochomekwa moja kwa moja ukutani hakina kidhibiti joto. Kinapanda tu, na kinaweza kupita nyuzijoto 400. Flaksi inaungua kabla haijafanya kazi, solda inakuwa ngumu na chafu, pedi inabanduka. Ukiweza kupata chenye kirungu cha kuchagua joto, hata kile rahisi, kipate. Cheza kati ya 320 na 350 kwa solda ya risasi.

Na plagi. Vyuma vingi vya bei rahisi vinakuja na pini mbili, soketi zetu ni za tundu tatu, na kila mtu aliyesoma Kenya anajua dawa yake: sukuma kalamu kwenye tundu la juu, ingiza zile mbili. Tunacheka, lakini hilo tundu la juu ni la waya wa kupeleka umeme ardhini. Ukilidanganya kwa kalamu, siku chuma kikivuja umeme njia ya kwenda ardhini ni wewe. Na kama si wewe, ni kile kipuri ulichotumiwa kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kwa gharama ya parseli.

Kisha kuna ushauri wa wazee. Nawaheshimu wazee wangu wa redio na televisheni, wamelisha familia kwa mikono yao. Lakini wekeni tupa chini. Zamani ncha ya chuma ilikuwa shaba tupu. Ikiliwa, unainoa, inaendelea. Ncha nyingi za siku hizi ni shaba iliyovishwa koti jembamba la chuma, kwa sababu bati lililoyeyuka huila shaba. Ukipiga tupa, ukisugua na stili wulu ya sufuria, umetoa koti. Baada ya hapo ncha inatoboka na kijana anaambiwa anaharibu vyuma. Tumia sponji yenye maji kidogo, au nyuzi laini za shaba ya njano. Ukimaliza kazi, ipake ncha solda kabla hujazima. Ni hayo tu.

Risasi kwenye meza ya ugali

Sasa tufike pale panaponikasirisha kabisa.

Kuna kambi mbili na zote zinadanganya. Kambi ya kwanza inasema, "Ule moshi ni risasi, utakufa." Hapana. Risasi inachemka juu ya nyuzijoto 1,700. Chuma chako kiko 350. Moshi unaouona ni flaksi inayoungua. Hata hivyo usiuvute: moshi wa rosini unajulikana kusababisha pumu kwa watu wanaoufanyia kazi kila siku. Fungua dirisha. Chukua feni ya kompyuta iliyokufa, iweke ivute moshi upande mwingine. Usiiname juu ya bodi kama unanusa mchuzi.

Kambi ya pili ndiyo mbaya zaidi. "Wazee wametumia risasi miaka yote na wako tu sawa." Kwani nani aliwapima? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Na njia yake si pua, ni mkono. Umeshika waya, umeshika chapati. Umeuma waya kwa meno kwa sababu mikono miwili haitoshi. Vitone vimeanguka kwenye zulia, na juu ya zulia hilo mtoto wa dadako anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja. Meza ya solda saa kumi ndiyo meza ya ugali saa mbili usiku.

Na hatuwezi kujifanya hatujui risasi ni nini, Kenya hii. Uliza Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya mtaa wa watu na risasi ikaingia kwa watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza vita hivyo na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitupa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka hiyo yote watoto walikuwa wanakua. Roli yako si kiwanda, na sitaki kukutisha na kitu kisicholingana. Lakini risasi ni ileile, na mtoto hajui kupima.

"Basi tutumie isiyo na risasi, tumalize maneno." Ngoja. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vipya vya elektroniki, kukiwa na misamaha kadhaa, kuanzia Julai 2006, na viwanda vingi duniani vikafuata. Kwa hivyo simu uliyoshika sai huenda imeungwa kwa solda isiyo na risasi. Lakini viwanda vina mashine. Ile ya bati 96.5, fedha 3 na shaba 0.5 inayeyuka karibu nyuzijoto 217 hadi 220. Ile ya bati 99.3 na shaba 0.7 inataka 227. Inahitaji moto zaidi, inakula ncha haraka zaidi, na kiungo kizuri chake haking'ai, kwa hivyo anayeanza anadhani ameharibu, anarudia, anaunguza. Kumpa mtoto wa kidato cha tatu solda hii pamoja na kile chuma kisicho na kidhibiti joto ni kumfukuza kwenye elektroniki kwa upole.

Msimamo wangu ni huu, na nitausimamia. Kama una sehemu yako ya kazi, isiyo ya kulia chakula, na hakuna mtoto mdogo nyumbani, anza na 63/37 yenye rosini ndani, unene wa milimita 0.8. Usile hapo, usiume waya, nawa mikono kwa sabuni, pangusa meza na kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi hewani. Kama unaishi chumba kimoja na mtoto mdogo au mama mjamzito, chukua isiyo na risasi, tafuta chuma cha kuchagua joto, uvumilie. Ugumu wa solda utauzoea. Risasi kwenye mwili wa mtoto haizoeleki.

"Lakini doo iko wapi?"

Najua mtakachosema. Huyu anaongea kama mtoto wa Milimani, sisi tuko na ya kipande tu. Sawa, tupige hesabu pamoja. Roli ya gramu 100 ya milimita 0.8 ina zaidi ya mita 20 za waya. Kiungo kimoja cha kawaida kinakula kama sentimita moja. Hiyo ni karibu viungo 2,000. Utamaliza kidato cha nne ukiwa bado unaitumia. Sasa linganisha na ile ya kipande: unapoteza nusu kwenye sakafu, unanunua pesti, unaunguza bodi, unanunua bodi nyingine. Rahisi ni ghali, na hiyo pia ni methali, lakini hiyo hawaikumbuki kaunta.

Huna pesa ya roli nzima? Tuko Kenya, tunajua chama. Vijana wanne, roli moja, kila mtu anakata mita tano zake na kuandika nambari kwenye karatasi anayoifungia. Mkiishiwa na waya wa kunyonyea solda, chukua nyuzi nyembamba za shaba kutoka waya kuukuu, zisuke, zipake rosini. Kubana matumizi namna hiyo nakubali. Sikubali kubana matumizi kwenye kile kitu kinachoshikilia kila kipuri mahali pake.

Nani anafaa kubadilika

Mwenye duka, acha kutupa lebo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulindwa afya yake. Hakisemi "isipokuwa vitu vya shilingi hamsini." Ukikata kipande, kifunge na karatasi yenye nambari. Ni kalamu tu.

Mwalimu, unapoagiza vifaa vya darasa, usiandike "solda" peke yake kwenye orodha. Andika mchanganyiko, flaksi na unene. Ukiandika "solda," atakayeleta bei ya chini kabisa atakuletea solda, na hutakuwa na la kusema. Darasa zima litafeli zoezi, na nusu ya wasichana na wavulana wale wataondoka wakiamini elektroniki ni ya watu wengine.

Na sisi wa video, tuache kuonyesha pesti ya asidi kwa sababu inang'aa vizuri kwenye kamera. Kuna dogo Shinyalu anatuangalia na pesa yake ni ya wiki nzima.

Wewe je? Kesho ukifika kaunta uliza maswali matatu: mchanganyiko ni upi, flaksi ya ndani ni gani, unene ni milimita ngapi. Watakuambia unajifanya. Wataleta ile methali ya jembe. Wakikosa jibu la hayo matatu, sema asante, rudisha pesa mfukoni, na uende duka linalofuata.